Siku Walipokuja na Unga Wao

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
14 Mei 1977

Shangazi Tabita,

Shikamoo. Nakuamkia kwa magoti yote mawili, maana barua isiyopiga magoti najua unawashia nayo moto. Mimi mzima, ila joto la huku linanionea. Baba alipita juma lililopita kwa kazi zake za reli, ameniletea ndizi na malalamiko kwamba humwandikii. Nikamwambia dada yake huandika akiwa na jambo. Kahawa inaendeleaje? Nilipokuja Machi ilikuwa bado kijani, nawe ulikuwa ukiikagua kila asubuhi kama mwalimu mkuu.

Sasa la maana. Ule utafiti niliouanza nilipokuwa huko, mwalimu wangu ameukubali. Unahusu dini, kazi na utoaji katika maisha ya siku hizi. Mtu anapotoa sadaka, au zaka, au siku yake nzima kumlimia mgonjwa, anasukumwa na nini? Na Mungu wake, au na macho ya jirani? Na je, mwanamke wa Tunduma anayevuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kufuata vitenge anatoa sawasawa na mkulima wa kijiji chenu juu ya Iyula? Kwa upande wa Tunduma ninaye Mwasiti, mke wa Bashiri mwenye lori, yule niliyelala kwake. Atawauliza akina mama wenzake wa msikitini. Anakusalimu sana, hajasahau masika yale lori lao lilipokwama chini ya mlima wenu ukawalisha mpaka likatoka.

Kwa upande wa mlimani nimekuchagua wewe, kwa kuwa hakuna mtu anayethubutu kukunyima jibu. Karatasi za maswali zimo humu. Swali la saba usiliruke: "Mara ya mwisho kusaidiwa na mtu ilikuwa lini, na alikusaidia nini?" Waulize majirani, kisha ujibu na wewe mwenyewe.

Msalimie mzee Anyosisye na kengele yake ya kanisa.

Mtoto wa kaka yako,
Elina

*

Iyula, Mbozi
11 Juni 1977

Elina mwanangu,

Marahaba, inuka, magoti yatachubuka. Huku tuko salama. Mahindi yameingia ghalani, ng'ombe wa jirani yangu Marita amezaa, na Sadoki, mwenyekiti wetu, amenunua redio, sasa mikutano yake haianzi mpaka taarifa ya habari imalizike. Baba yako mwambie barabara ya kuja kwangu haijafungwa.

Karatasi zako nimezizungusha. Mwanangu, umenitia kazini! Siku ya kwanza watu walipoona kalamu, wakadhani ni mchango mpya. Hakuna aliyewahi kumpa mtu yeyote kitu chochote. Mama mmoja, ambaye Jumapili ya mavuno alileta mbuzi mzima mbele ya madhabahu, aliniambia kwa macho makavu kwamba hajawahi kugawa hata maji. Jioni nikaona niwatoe hofu, nikasema hizi ni karatasi za Chuo Kikuu tu. Nimekosea. Kesho yake wakasikia kwamba Chuo Kikuu kitaleta msaada, na kijiji kizima kikawa maskini wa kutupwa. Sadoki mwenye redio amejiandika hana hata jembe. Mzee Anyosisye kila swali amejibu, "Mungu anajua," na ukimbishia anakufungulia Biblia. Mpelekee mwalimu wako hivyo hivyo.

Mimi nimejibu. Nimempa Marita mbegu za maharage, nimemvisha mtoto wa jirani aliyekuwa anakwenda shule nusu uchi, nimetoa ndizi za wageni wa kanisa, na mengine nimeyaacha maana karatasi yako ni fupi. Sikupewa jina hili bure. Soma Matendo ya Mitume umwone Tabita wa Yafa, aliyewashonea wajane nguo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Swali la saba ni la watu wengine. Nimeliacha wazi.

Kahawa imeanza kuwa nyekundu. Jioni inapendeza.

Shangazi yako,
Tabita

*

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
5 Julai 1977

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Baba anakusalimu, amecheka habari za redio mpaka akakohoa. Mimi nimecheka pia, nikawasomea wenzangu bwenini, na mwalimu wangu amesema majibu ya uongo nayo ni majibu, niyahifadhi.

Kicheko kimeisha jana. Nimepata barua ya Mwasiti. Alipanda kwenu kununua maharage akakukuta unapika kwa mkono mmoja. Anasema ulianguka kisimani mwezi wa tano, mkono wa kulia umevunjika juu ya kiganja, na mganga wa mifupa ameufunga kwa vijiti. Anasema alitaka kukutekea maji ukamnyang'anya ndoo, ukamfungashia na maboga mawili ya kwenda nayo.

Kumbe ndiyo maana barua yako iliandikwa na mzee Anyosisye! Mwandiko ule naujua tangu cheti changu cha ubatizo. Nilidhani miwani yako imevunjika.

Shangazi, kahawa ikiwa nyekundu mwanzo wa Juni, leo iko wapi? Nani anachuma? Kila mwaka kwa wakati huu unanilalamikia bei na mashine ya kumenyea, mwaka huu hata neno. Kahawa ile aliipanda marehemu mume wako kwa mikono yake, nawe ulishanieleza kwamba kila ukiigusa unakuwa umemsalimia. Itaanguka chini yote. Waite majirani wakuchumie. Wamekula kwako miaka yote hii, watakataa vipi?

Nijibu kwa haraka.

Elina wako

*

Iyula, Mbozi
22 Julai 1977

Elina,

Marahaba. Sisi wazima, na wewe uwe mzima. Mwasiti namsalimu, ila mwambie anayekula boga la mtu hachongei.

Ndiyo, mkono umevunjika. Mkono ni wangu. Sikukuficha, nilikuwa sijafika huko. Mzee Anyosisye anayeniandikia hapa anatikisa kichwa, anasema nilimwapisha asimwambie mtu yeyote jinsi unavyouma. Nimemwambia aandike na hilo, kisha anyamaze.

Unasema niite majirani. Mwanangu, wewe umekulia kwenye nyumba za reli, chakula chenu kilipimwa kwa kibaba. Nikuambie kazi ya kuitana ilivyo huku. Ukiwaita watu shambani, unawalisha. Unatwanga, unachemsha togwa, unachinja, wakitoka wanatoka wameshiba na wanaimba jina lako njia nzima. Mtu hatoki shambani kwangu na njaa, hajawahi, wala hataanza mwaka huu. Nitawatwangia kwa mkono gani? Utasema waje na chakula chao. Nyumba ambayo watu wanakuja na unga wao na kuni zao kichwani, hiyo ni nyumba yenye maiti. Mimi sijafa.

Usidhani hawakuja. Marita alikuja na kikapu cha kuchumia, nikamwambia mkono unapona, nikamjazia kikapu chake viazi akarudi. Wamekuja wengine nao nikawafanyia vivyo hivyo. Sasa hawaji, na viazi vimepungua.

Sikufichi la Sadoki. Amesema mkutanoni kwamba shamba la kahawa lisilochumwa, kijiji kitalichukua kulisimamia, maana kahawa ni mali ya taifa. Hakunitaja. Alikuwa ananiangalia. Nimesimama nikamwambia kahawa yangu ilikuwa inakwenda mnadani yeye akiwa bado analia akinyolewa nywele. Watu wamecheka, naye amecheka, lakini neno lake hakulifuta.

Basi ndivyo ilivyo. Nusu ya kahawa iko chini. Nitapata njia, sijawahi kukosa njia.

Tabita

*

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
24 Julai 1977

Shangazi,

Shikamoo. Hujanijibu, na mimi nimechoka kungoja posta. Kahawa haingoji posta.

Usinikasirikie, nimeshapanga. Nimemwandikia Mwasiti, naye amekubali kabla sijamaliza kuomba, anasema mgeni njoo mwenyeji apone. Jumamosi tarehe 6 Agosti atakuja na akina mama wenzake wa msikitini kwa lori la Bashiri, wafanye kazi hiyo kabla ya mwezi wa Ramadhani kuingia. Wewe usihangaike na lolote. Nimewaambia waje na unga wao, kuni zao na sufuria zao, ili usiguse hata mwiko. Umeona nilivyokufikiria?

Mwalimu wangu anasema mtafiti hatakiwi kuingiza mkono katika yale anayoyachunguza. Nimemwambia huyu ni shangazi yangu kwanza.

Ukipata barua hii mapema, waambie majirani nao wajiunge.

Elina

*

Iyula, Mbozi
9 Agosti 1977

Elina binti wa kaka yangu,

Marahaba, ingawa leo sijui kama unaistahili. Barua yako ya tarehe 24 imefika jana, wageni wake wamekwishakuja na kuondoka. Kaa chini. Mzee Anyosisye anaandika, na safari hii nitamwandikisha aibu yake kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi nilikuwa bondeni, mwisho wa shamba, ambako mtu hanioni. Nilikuwa nachuma kwa mkono wa kushoto, tunda moja moja. Ndiyo njia niliyokuwa nimeipata. Juma lile nilikuwa na homa, watu walijua, kwa hiyo mlango wangu ukifungwa hakuna aliyeshangaa.

Lori la Bashiri likashindwa kupanda mlima, akina mama wakashuka wakapanda kwa miguu. Wamejitanda kanga vichwani kama desturi yao, wamefuatana kwa mstari, kimya kwa sababu mlima umewakata pumzi, na juu ya vichwa wamebeba nini? Unga na kuni. Mzee Anyosisye akawaona kutoka ng'ambo ya bonde wanaingia kwangu. Hakuuliza. Mzee wa kanisa mzima, mwenye miguu miwili, hakuvuka bonde kuuliza! Amekwenda moja kwa moja kanisani amepiga kengele ya msiba. Andika, mzee, usiruke mstari.

Mwasiti na wenzake wamefika, nyumba imefungwa. Wakiwa wanashangaa, wanaona watu wanashuka kutoka kila upande wanalia, na wao unga vichwani. Mwasiti anasema moyo wake ulipasuka, "Tumechelewa, Mama Tabita ametutoka." Wakaketi chini nao wakalia, wakasema sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Watu wa kijiji wakaona wageni kutoka Tunduma wanalia, basi wakajua ni kweli. Kila upande ulidhani mwenzake ndiye mwenye habari.

Na mimi kule bondeni nikasikia kengele. Nikajiuliza, nani tena? Nikaacha kikapu, nikajitanda kanga, nikafuata kilio. Na kwa kuwa nina adabu, nikaanza kulia nikiwa bado njiani. Nikaona wanakusanyika kwangu, nikafikiri labda marehemu ni wa ukoo wetu na mimi sijaambiwa, nikalia zaidi. Nikapitia nyuma ya ghala nikaketi na wanawake wa mwisho. Nikamuuliza aliye karibu yangu, "Ni nani, jamani?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Ni Tabita."

Nilipaswa kusimama. Sikusimama. Mwanangu, ungekuwa wewe ungesimama? Nilitaka kusikia.

Sadoki alikuwa analia kama mtoto. Anasema, "Nani atanigombeza tena mkutanoni?" Nguo nilizoshona hakuna aliyezitaja, wala mbegu, wala ndizi. Nilingoja, zisitajwe. Halafu nikamsikia Marita. Alikuwa ameshika nguzo ya baraza langu anasema, "Tabita, umenijazia kikapu maisha yako yote, hukuniachia hata siku moja nikuwekee kitu changu mkononi. Nimekuja na kikapu changu umenirudisha nacho. Ulinionaje, Tabita? Ulinionaje?"

Maneno yale yalinichoma. Kilio changu cha adabu kikageuka kilio cha kweli, na Mwasiti akageuka, akanitazama machoni, akasema, "Mama, mbona uko hapa?" Nisikueleze kelele. Mama wa mbuzi alizimia. Mzee Anyosisye akapiga magoti kuanza ile ya Petro alipomfufua Tabita wa Yafa, "Tabita, inuka," nikamwambia inuka wewe kwanza.

Baada ya kucheka na kukemeana wakabaki wanatazamana. Watu waliokuja msibani hawarudi hivi hivi, na unga upo, kuni zipo, kijiji kizima kimeacha kazi. Sadoki akapangusa uso akasema, "Kaburi hakuna, basi kahawa ipo." Wakaingia shambani wote, Wamoravian na Waislamu, wakachuma iliyokuwa mtini na kuokota iliyokuwa chini. Mimi wakaniketisha mkekani kama mfiwa. Mfiwa hashiki kitu. Nikiinuka Mwasiti ananikalisha. Kila akipewa ndoo anasema "natotela," yaani asante, neno la sokoni Nakonde, na watu wetu wanalirudia kwa kucheka.

Sasa hili nalo mzee ataliandika. Tangu nianguke nimekuwa nakula peke yangu, mlango nimefunga, kwa mkono wa kushoto. Ndiyo sababu nyingine sikuita watu. Nitakaaje mbele ya wageni niliowaita nikikata ugali kwa mkono wa kushoto? Jumamosi Marita amekaa karibu yangu, amekata tonge, amelichovya, amenitia mdomoni mbele ya watu wote. Nimekula. Nilikuwa na njaa, Elina. Nilikuwa na njaa tangu mwezi wa tano.

Bado nimekukasirikia. Usiniandikie kwa juma zima.

Tabita

*

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
25 Agosti 1977

Shangazi yangu,

Shikamoo. Juma nimelitimiza, nikaongeza siku kadhaa za adabu. Barua yako ya Julai, ile ya unga na maiti, ilinifikia siku ya pili baada ya wageni kuondoka kwenu. Nimeisoma nimesimama mlangoni, nikashika kichwa. Nisamehe. Nimekuletea kilio nyumbani ukiwa hai, na sikukuuliza. Sitakupangia tena bila kukuuliza.

Nimeshaomba radhi, sasa nina la kusema, nawe utalisikiliza. Nimezipitia karatasi zote, za mlimani na za Tunduma. Wanaotoa sana ndio walioacha swali la saba wazi, Wakristo kwa Waislamu, mkulima kwa mfanyabiashara. Si wewe peke yako. Kuna hajati mmoja tajiri wa Tunduma alimwambia Mwasiti swali hilo ni matusi. Mwanzoni nikadhani mnasahau. Sasa naamini hamtaki. Anayetoa bila kupokea, wenzake wote wanabaki chini yake, na pale juu pana raha. Utaniambia dini imekufundisha kutoa. Ni kweli. Lakini dini hiyo hiyo inasema thawabu ni ya mtoaji, na wewe thawabu ya Marita umekuwa ukimnyima kwa miaka, kwa viazi. Nimeliandika hilo katika tasnifu yangu, bila majina. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, nitasimama pale pale.

Na sasa nauliza, sipangi. Mwasiti anasema vidole vyako havikunjiki, vina baridi, na usiku unalia. Anasema daktari wa Mbeya aliyekutazama mwezi wa saba alisema mfupa umeungana vibaya, uvunjwe tena uungwe upya, ama mkono utapotea. Anasema ulimjibu daktari kwamba utafikiria, ukapanda basi ukarudi nyumbani. Katika barua yako ndefu ile hukuandika hata neno moja juu ya hili. Utakwenda?

Mimi natakiwa kuikabidhi tasnifu mwisho wa Septemba. Kabla ya hapo siwezi kutoka, nisiposhika tarehe nitangoja mwaka mwingine. Ndiyo maana nauliza kwa barua.

Elina

*

Iyula
5 Septemba 1977

Elina,

Usishangae mwandiko. Naandika mwenyewe, kwa kushoto. Sikutaka mzee Anyosisye ayasikie haya. Nimeanza jana, nimepumzika, nimeendelea leo.

Kwetu wazima. Kahawa imekauka vizuri kwenye vichanja, Sadoki ameipeleka ghalani kwa mkokoteni wake, na suala la kusimamiwa na kijiji hatulisikii tena. Marita sasa anaingia kwangu bila kubisha hodi. Ananichosha.

Uliyoandika juu yangu ni kweli. Nimekasirika siku mbili, siku ya tatu nikaona ni kweli. Pana raha pale juu, sikatai.

Nitakwenda Mbeya. Wauguzi waliniambia nije na mtu wa kuniuguza, anipikie, anioshe, anivishe, maana mkono utafungwa wote mpaka begani. Ndilo lililonirudisha nyumbani. Si kisu. Kuoshwa. Marita amesema atakuja. Mwasiti naye, amefunga Ramadhani na bado amesema atakuja. Sikuwarudisha, nimewaambia zamu zao zitafika, na nawahitaji.

Lakini siku ya kuvunjwa nataka uwe wewe. Mimi sikuzaa, unajua. Nimeogopa, Elina. Miaka hii yote watu wakiogopa wanakuja kwangu, mimi sikuwahi kuwa na pa kwenda, au nilikuwa napo nikapita bila kuingia. Usiku mkono ukiuma nakuita wewe kwa jina, halafu nafunika mdomo jirani asisikie.

Tasnifu yako naijua. Mwisho wa Septemba naujua. Najua ninachokuomba kitakugharimu mwaka mzima pengine, na ndiyo maana nimeandika kwa mkono huu, uone mwenyewe jinsi nilivyohangaika.

Bashiri anashuka Dar es Salaam na mzigo, barua hii atakupa mkononi. Anarudi Jumatano. Mbele ya lori pana nafasi moja, nimemwambia akungoje kwenye geti la Chuo mpaka saa sita. Njoo na sweta, Mbeya kuna baridi. Mwambie mwalimu wako unauguliwa. Usichelewe.

Nimeisoma barua hii tena. Naona nimeamuru kama kawaida yangu. Sijui kuomba, mwanangu, sina mazoezi. Popote nilipoamuru, wewe soma tafadhali.

Tabita